Meza Inayojifuta Yenyewe

Watu wa Tiwi huihitaji mikono ya Biasha na huiogopa vilevile. Mwanamke akifa, awe bibi aliyelala kitandani miaka au mzazi aliyeshindwa na uchungu, mtu wa kwanza kuitwa ni yeye. Huja akafunga leso kiunoni, akaagiza maji ya vuguvugu, majani ya mkunazi na karafumaiti, akawatoa nje wanaolia kwa kelele, akafunga mlango. Anachokiona mle ndani hukizika pamoja na mwenyewe. Hajapata kutoka akasema fulani alikuwa na kovu hapa au uvimbe pale. Siku hiyo huitwa mama, huitwa dada, na wapo wanaombusu mikono.

Kisha arubaini hupita, ikaja arusi katika nyumba ileile. Biasha akinyoosha mkono kwenye beseni la unga wa mahamri, hatakosa mtu wa kumwambia kwa upole mwingi, "Ah, Bi Biasha, wewe pumzika. Hebu tutazamie kuni kule nyuma."

Naye huenda akatazama kuni. Si kwamba hajui. Ana macho yanayoona kila kitu, na kinyaa hakifichiki. Hata ukikivisha buibui, kitachungulia. Anamjua anayesuuza kikombe mara mbili baada yake. Anamjua anayepokea sahani kwa ncha za vidole. Wote hao alikwisha wazoea, maana anayeona kinyaa leo, kesho atamkuta amelala chali, naye atamwosha kama alivyomwosha jirani yake.

Ambaye hajaweza kumzoea ni Twaiba, mwanawe.

Twaiba alikuwa msichana wa shule wenzake walipokataa kula naye sambusa. Walimwambia, "Mamako hushika maiti." Alirudi nyumbani akamtazama mama yake anavyochambua mchele kwenye uteo, akauliza kama ni kweli. Biasha akasema ni kweli, na ni kazi ya thawabu. Tangu siku ile chakula cha mama kilikuwa hakimshuki. Hakupata kusema neno baya. Alikuwa akisema tu, "Nimeshiba." Alishiba hivyo mpaka akaolewa Kikoneni, na alipoachika akarudi na mwanawe mdogo, akarudi bado ameshiba. Akapanga chumba chake, akapata kazi ya kusafisha katika nyumba za wageni karibu na bahari, nyumba alizozikodi Beryl, mwanamke mchangamfu kutoka bara.

Sasa Beryl alikuwa anafungua nyumba mpya, na alitaka ipambwe kwa vitu vya mkono vya pwani, kisha apatikane mtu mmoja wa kukabidhiwa funguo zake na mshahara wa kudumu. Alimwambia Twaiba, "Nenda Mombasa unitafutie vitu. Nikipenda, nyumba ni yako kuangalia. Nisipopenda, sijui." Kwa mwanamke aliyeachika, mwenye mtoto, hilo halikuwa jambo dogo, na Biasha aliliombea katika kila sala.

Ndiyo maana alishtuka, akafurahi, na akaogopa, Twaiba alipokuja asubuhi akasimama mlangoni bila kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama mdai?"

"Nataka twende sote Mombasa. Bosi amesema niende na mtu anayejua kazi ya mkono. Juzi nilinunua mikeka, kumbe ni mirija ya plastiki."

"Mirija hukuijua? Mwana wa mimi?"

"Mama, usinianze."

"Haya, sikuanzi. Ngoja nivae."

"Na mama..." Twaiba alitazama chini. "Huko madukani, tafadhali, usiseme unafanya kazi gani."

"Nani ataniuliza?"

"Wewe husema bila kuulizwa."

Biasha alivaa buibui lake la kutokea. Neno lilimchoma, lakini safari ilikuwa safari. Walikuwa hawajatembea pamoja, wawili tu, tangu Twaiba hajavunja ungo.

Walivuka Likoni jua halijawa kali, wakaingia katika vichochoro vya mji wa kale ambako watalii huzungushwa. Mle ndimo Biasha alimoanza kukunja uso, na hakuukunjua tena siku hiyo.

Duka la kwanza, makawa ya kufunikia chakula yalikuwa yametundikwa ukutani, yamepakwa rangi ya dhahabu. "Na chakula wamefunika kwa nini, kwa gazeti?" aliuliza. Duka la pili, kifumbu cha kuchujia tui kilikuwa kimetiwa balbu ndani, kinaning'inia darini, na nyuzi zake bado zina harufu ya nazi iliyochacha. Mbuzi ya kukunia nazi imefungwa utepe mwekundu shingoni kama bibi arusi. Upawa umechorwa twiga. Mlangoni mwa duka la tatu, mwanamume alikuwa amekaa na ndoo ya tope, anapaka sura ya mti iliyochongwa juzi, kisha anaisugua kwa rangi ya viatu, kisha anaitemea mate na kuisugua tena.

"Unamfanya nini?" Biasha aliuliza.

"Namzeesha, mama," yule mtu alisema, na akacheka. "Akifika jioni atakuwa na miaka mia."

"Kwa mate yako?"

"Mate ndiyo siri yenyewe."

Mzungu mmoja alipita akaichukua sura ile mikononi, akaigeuzageuza, akainusa kwa mapenzi. Biasha aliziba mdomo kwa ncha ya buibui akamvuta Twaiba mkono. Twaiba aliutoa mkono wake taratibu, kama anayetaka kujikuna.

"Mikeka mama, tumekuja kwa mikeka," alisema.

"Mikeka ipi? Humu kila kitu kimekufa kikapakwa rangi."

"Umeanza."

Duka la nne, la mtu aitwaye Mbwana, halikuwa kama mengine. Lilikuwa pana, lina ubaridi, linanuka udi. Vitu vilikuwa vimepangwa kwa nafasi, si kurundikwa. Mbwana mwenyewe alikuwa mwanamume mnene, mashavu laini, kofia safi ya kazi ya mkono, na adabu zake zilikuwa kamili.

"Shikamoo, mama yangu. Karibuni, karibuni ndani. Humu hakuna kusukumana. Kaeni kwanza, mnywe kahawa, vitu havikimbii."

"Marahaba. Tunatafuta mikeka ya ukindu," alisema Biasha.

"Mikeka ipo, mama. Kaa."

Wakakaa kwenye mito, mbele ya meza ndefu ya chini, mbao zake nyekundu za kale zinang'aa kwa vanishi. Mbwana akaleta sinia lenye birika la kahawa tungu, vikombe vidogo, na kisahani kimoja cha haluwa. Kisahani kimoja. Biasha alikitazama, akamtazama mwanawe kwa pembe ya jicho, akangoja lile neno la "nimeshiba". Halikuja. Labda ni njaa ya safari, labda ni haya mbele ya mwenye duka. Twaiba alimega haluwa, akala. Biasha naye akamega upande wa pili. Kipande cha Twaiba kikamponyoka kikaangukia mezani, akakiokota, akakitia kinywani, akalamba kidole.

Biasha alitafuna polepole ili kile kisahani kisiishe. Alisahau makawa, alisahau mate. Alijiona ni mama kama mama wengine, amekaa mjini na mwanawe wanakula pamoja.

Mbwana alifunua mikeka mmoja mmoja. Biasha aliipima kwa kidole, huu mzuri, huu ukindu wake haukukauka vyema utaota ukungu, huu rangi yake itachuja. Twaiba alikuwa amempigia Beryl kwa video, anamwonyesha, na Beryl alikuwa anashangilia kutoka Nairobi alikokwenda, kwa sauti iliyojaa duka zima.

"Poa! Chukua hiyo! Na hiyo ya kijani! Ngoja, ngoja, rudisha simu. Hiyo meza mmekalia ni gani?"

"Hii, bosi?"

"Wueh! Hiyo ni noma! Hiyo ndiyo nataka kwa sebule, wageni wakule hapo breakfast. Uliza kama anauza."

"Kila kitu kinauzwa isipokuwa mama mzazi," Mbwana alijibu kwa mbali, akicheka.

Biasha naye alicheka, na katika kucheka mkono wake ukagonga kikombe. Kahawa ikamwagika juu ya meza. Alishika ncha ya leso haraka afute, lakini kahawa haikungoja. Haikutanda kama inavyotanda juu ya meza. Ilikusanyika ikafuata mfereji mwembamba kati ya mbao mbili, ikateremka kutoka upande wa ukuta kuja katikati, ikazunguka mara moja juu ya tundu la mviringo ambalo yeye hakuwa ameliona, ikaingia. Chini ya meza, ikasikika tone, tone, juu ya sakafu.

"Umeona ufundi wa wazee?" alisema Mbwana. "Meza inajifuta yenyewe!"

Biasha aliinamia mfereji. Leso ilibaki mkononi. Mwendo ule wa maji aliujua. Aliutazama miaka na miaka, akiwa ameinama, mlango umefungwa, akihakikisha maji yanatoka yote kabla ya kuja sanda. Alitazama miguu ya meza. Ilikuwa imekatwa, lakini upande wa ukutani ilikuwa mirefu kidogo kuliko wa huku, kama inavyotakiwa, kichwa kiwe juu. Alitazama tundu. Mbao zilizolizunguka zilikuwa nyeupe chini ya vanishi, weupe wa kuloa na kukauka, kuloa na kukauka, ambao hakuna rangi inayoweza kuuficha.

Haluwa ilikuwa bado iko kinywani. Hakuweza kuimeza, hakuweza kuitema.

Twaiba alikuwa ameinuka, anazunguka na simu kumwonyesha Beryl masanduku yaliyopambwa njumu za shaba. Biasha alimwinamia Mbwana.

"Mwanangu, meza hii umeitoa wapi?"

"Ya zamani, mama. Ya visiwani."

"Ilikuwa nini?"

"Kitanda."

"Cha kulalia nani?"

Mbwana alimtazama. Tabasamu halikumwondoka, lilipungua tu kama taa inayopunguzwa utambi. Alisogea karibu.

"Mama, wewe ni mtu mzima, na naona umekijua. Msikiti kilikokuwa umeletewa cha chuma na wafadhili. Hiki kilikuwa kimetupwa nyuma ya choo, kinaliwa na mchwa. Mimi nimekiokoa. Nimekikata miguu, nimekipiga msasa, nimekipaka. Kina kosa gani?"

"Maiti wameoshewa hapa. Na watu wanakula hapa."

"Mnunuzi hajui. Asiyejua hana dhambi."

"Na wewe unayejua? Na sisi uliotulisha?"

"Haluwa ilikuwa kwenye kisahani, mama," alisema Mbwana, kwa upole uleule, na akamega kipande kilichobaki akakila yeye. Vidole vyake vilikuwa vinene na vinang'aa mafuta. Biasha aliviona vikirudi vikatulia juu ya mbao, pale hasa penye bega la maiti, vikapigapiga ngoma ndogo.

Wakati huo alipata hofu mbili kwa pamoja. Akinyamaza, kitanda kitakwenda Tiwi, na mwanawe ndiye atakayekifuta kila asubuhi na kupanga vikombe juu yake, na wageni watapaka mkate siagi juu yake. Akisema, Beryl atakosa alichokipenda, na funguo zitakwenda kwa mwingine. Alikaa akizipima. Kisha akakumbuka jambo moja lisilopimika: Twaiba alikuwa ameokota kipande kutoka juu ya mbao zile akakila. Mama gani angelinyamazia hilo?

"Twaiba," aliita. "Njoo hapa. Njoo uniangalie."

Akamwambia, sikioni, kwa maneno machache. Twaiba alitazama meza, akatazama tundu, na uso wake ukajikunja wote kuelekea puani. Alikimbilia mlangoni akatema, akatema tena, akafuta ulimi kwa leso yake.

"Ptu! Ya Rabi! Ptu! Mama, una hakika?"

"Kama ninavyokujua wewe."

Kwa punde ile Biasha aliona nafuu. Kumbe binti yake alikuwa bado ana mahali panapokataa. Lakini simu ilikuwa wazi mkononi mwa Twaiba, na kutoka mle Beryl alikuwa anaita, "Ni nini? Kwani kumeenda aje?"

"Bosi," alisema Twaiba, bado anatema, "hii si meza. Ni kitanda cha kuoshea maiti."

Beryl alisogeza uso kwenye kioo. "Unanichezea."

"Wallahi, bosi. Mama amekijua."

"Na mamako anajuaje?"

Twaiba aligeuka akamtazama mama yake. Alisita kidogo sana.

"Yeye ndiye mwosha maiti wa kwetu."

Bila kuulizwa mara mbili. Biasha alingoja lile neno litue pale dukani kama linavyotua penginepo, ukimya ule, watu wakijisogeza. Badala yake alisikia kicheko.

"Aki Twaiba! Na hukuwahi kuniambia? Unajua wageni watapenda hiyo stori vipi? Meza yoyote naweza kununua. Hii iko na stori! Tutaandika kikaratasi tuweke hapo juu. Mbwana, unanisikia? Nachukua! Lakini nataka video. Mama aonyeshe vile inafanywa, hivi, mikono tu, polepole. Tutaiweka kwa ukurasa wetu. Na wageni wakija, anaweza kuja kuwaelezea jioni wakikula. Twaiba, hii nyumba ni yako, nakuambia!"

Mbwana alikuwa amekwisha simama, macho yanawaka. "Naam! Hilo wazo! Hata mimi nilikuwa nalificha bure."

Twaiba aliacha kutema. Alimjia mama yake, akachuchumaa mbele yake, na akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni. Alimshika mikono yote miwili.

"Mama, umesikia? Ni picha tu. Mikono yako tu. Hutaonekana uso."

Viganja vya mwanawe vilikuwa na joto. Biasha aliitazama mikono yao iliyoshikana, na karaha iliyompanda haikuwa ya kitanda tena. Chakula cha mikono hii mwanawe alikikataa. Mikono hii aliionea haya mbele ya shule nzima, mbele ya mume, mbele ya mtoto wake mwenyewe. Leo ameipenda, kwa sababu ina soko.

"Wale ninaowaosha wana haya zao," alisema. "Hata wakiwa wamekufa. Mimi huwafunika wakati hata hakuna mtu wa kuwatazama. Nitawaonyesha watu wanaokula?"

"Hakuna maiti hapa, mama. Ni meza."

"Basi kama ni meza, mnataka nioshe nini?"

"Jamani mama yangu ni mgumu!" Twaiba aliinuka, anacheka kwa aibu kuelekea simu. "Bosi, ngoja. Nitalala mimi, Mbwana atashika simu. Akiniona nimelala atakuja mwenyewe, namjua."

Mbwana akaondoa sinia, akaliweka chini. Twaiba akavua viatu.

"Twaiba, usipande hapo," alisema Biasha.

"Picha moja."

"Mwanangu, usijichurie kifo. Hicho hakipandwi na aliye hai. Hata kwa mzaha. Twaiba!"

"Kichwa upande wa ukuta, dada," alielekeza Mbwana. "Hivyo. Mikono pembeni. Fumba macho. Leso ivute mpaka kifuani. Vizuri sana."

Na Twaiba akafumba macho.

Biasha amewaona wengi. Wanene, wembamba, waliokufa wakiwa na hasira, waliokufa kama waliolala adhuhuri. Wote, wakishalazwa pale, midomo hulegea kwa namna moja, vidole vya miguu huanguka nje kwa namna moja. Alimwona binti yake akilegea. Aliona kidevu chake, ambacho ni kidevu cha yeye Biasha, kimeelekea dari, na shingo imekaa wazi, na pembeni ya mdomo kuna chembe ya haluwa. Mkono wa kulia wa Biasha ulianza kwenda wenyewe. Ulikwenda kuifuta ile chembe, kama unavyofanya siku zote, kuanzia mdomoni.

"Ndiyo hiyo! Endelea hivyo hivyo!" alipaza sauti Beryl kutoka simuni.

Biasha alitapika. Hakuwahi kusogea. Kahawa, haluwa na uji wa asubuhi vilitoka vyote, vikamwagika juu ya mkeka wa kijani, juu ya ukingo wa meza, juu ya viatu vya Twaiba, na vilivyoangukia mbao vikashika njia ya mfereji wao.

"Wueh!" sauti ya Beryl ilipaa. "Ni nini hiyo? Ametapika? Aki hapana! Toa hiyo kamera! Sitaki! Sasa kila nikiangalia hiyo meza nitaona matapishi. Mbwana, wachana nayo. Twaiba, leta mikeka peke yake. Na si hiyo ya kijani!"

Akakata. Maiti hawakumtia kinyaa, uji ulimtia.

Twaiba alikuwa ameruka chini. Alisimama miguu mitupu, uso umemwiva kwa hasira na fedheha. Kisha alichukua maji ya kunawia yaliyokuwa kwenye kona, akamshika mama yake kichwa kwa nyuma, si kwa upole sana, akamwosha mdomo, akamwosha kidevu, akamwosha mikono kidole kwa kidole.

"Umeniharibia," alisema akiosha. "Umeniharibia, mama. Ningekuwa na funguo saa hizi."

"Najua."

"Unajua, lakini ungefanya tena."

"Sikufanya, mwanangu. Kilitoka."

"Mmenikosesha riziki nyote wawili," alisema Mbwana. Adabu ilikuwa imemwisha. "Mkeka mtanunua. Na mama huyo mtoe nje akapate hewa, wateja wanakuja."

Kweli walikuwa wanakuja. Twaiba alimtoa mama yake, akamketisha kwenye baraza ya nje, kivulini. Mle ndani Mbwana alikuwa amekwisha kumwagia meza maji ya ndoo. Biasha aliyasikia yakiteremka, tone, tone. Mbwana akapitisha kitambaa mara moja. Mke na mume wa makamo, wa kutoka bara kwa lafudhi yao, waliingia wakipangusa jasho, na sauti ya asali ikarudi.

"Karibuni, karibuni ndani! Humu hakuna kusukumana. Kaeni kwanza, mnywe kahawa."

Twaiba alikuwa mlangoni, ameinama anavaa viatu vyake vilivyoloa. Aliinua kichwa. Kutoka barazani Biasha hakuweza kuona ndani, aliweza kumwona Twaiba tu, upande wa uso wake. Aliuona ukijikunja, polepole safari hii, kuanzia mdomoni. Sura ile aliijua vyema kuliko mtu yeyote. Ndiyo aliyogeuziwa yeye miaka yote, Twaiba akisogeza sahani.

Twaiba akarudi ndani.

"Samahani, mama," Biasha alimsikia akimwambia yule mwanamke wa bara. "Toa mkono wako. Hapa hapaliwi."

"Wee dada!" Mbwana alifoka.

"Hapa hapaliwi, nimesema."

"Kwani kuna nini?" aliuliza mgeni wa kike.

"Muulize mwenye duka. Akikwambia ni meza, mwambie aweke mkono wake wa kulia kifuani, aseme tena."

Vikombe vililia. Twaiba akatoka amebeba sinia zima, birika, vikombe na kisahani kipya cha haluwa, akaliweka barazani kando ya mama yake, kwa kishindo. Nyuma yake mume na mke walitoka upesi, bila kuaga, mwanamke akijifuta vidole kwenye gauni. Mbwana alisimama mlangoni akatoa maneno ambayo kofia yake haikustahili kuyasikia.

"Usile," Twaiba alimwambia mama yake, akionyesha haluwa.

Biasha alilisukuma sinia kando. "Sili," alisema.

Walikuwa hawajafika mwisho wa kichochoro simu ilipolia. Twaiba alitazama jina, akapokea, akatangulia mbele. Biasha alimfuata, amechukua mkeka wa kijani uliokunjwa, unaonuka, na masikio ameyatega kama anavyotega siku zote. Alipata upande mmoja tu.

"Ndiyo, bosi... Mbwana amekutumia picha? Amekifuta, ndiyo, najua... Si matapishi, bosi... La. Hata akipunguza... Bosi, nisikilize. Nikikabidhiwa nyumba ile, mimi ndiye nitakayepanga chakula juu yake, siwezi... Si dini tu. Nimelala pale, bosi. Nimefumba macho nikasikia mkono wa mama unakuja... La. Basi mtafute mwingine wa kupanga. Mimi kitanda kile sikipeleki Tiwi."

Akasikiliza mpaka mwisho. Twaiba akashusha simu.

"Amesemaje?" aliuliza Biasha.

"Amesema tutaongea akirudi."

Biasha aliligeuza neno hilo moyoni. Watu wa bara wakisema tutaongea, aghalabu huwa wamekwisha ongea. Alitaka kusema pole, akaona haitoshi. Alitaka kusema ahsante, akaona haifai. Aliinamia mfereji wa njiani akatema, akafuta mdomo.

"Mikeka bado," alisema Twaiba.

"Bado."

"Wapi kuna mtu anayesuka mwenyewe, nimwone anasuka? Sitaki duka tena."

"Si huku," alisema Biasha. "Tuvuke kwetu kwanza."